Darasa Lililomsoma Mwalimu

Kabla ya kuingia darasani, Fundi alikuwa na desturi yake. Alisimama nje ya mlango, akaweka kiganja kwenye mwimo, akafumba macho, akasema na Mungu maneno machache, kama mtu anayemwachia jirani ufunguo wa nyumba.

"Ee Mungu, hawa ni wako na mimi ni wako. Tufikishe kwenye kengele tukiwa tumejifunza kitu."

Kisha alikohoa kidogo, akasukuma mlango, na darasa zima likasimama kwa kishindo cha madawati.

Jina la Fundi hakupewa na wazazi wake. Miaka mingi kabla ya kushika chaki alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sare za shule ile zilikuwa zimepita chini ya sindano yake. Alipoingia ualimu ukubwani, jina la zamani lilikataa kuvuliwa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Fundi, walimu wenzake walimwita Fundi, na hata mume wake, mwoka mikate, akitaka kumtania alimwita Mheshimiwa Fundi. Na mwanafunzi aliyechanika mfuko wa shati bado alijua pa kwenda. Mkoba wa mwalimu ulikuwa na chaki upande mmoja na sindano na uzi upande wa pili.

Kiingereza alikijua kwa kuchelewa, tena kwa kukitafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hasa. Mchana alishona, jioni alikwenda kusoma katika ukumbi mmoja wenye viti vya kukunja, pamoja na madereva, wauguzi na mama mmoja muuza mboga aliyesinzia kila siku lakini akafaulu. Aliyewafundisha alikuwa mzee aliyestaafu, mtu wa upole, ila masikio yake yalikuwa yamechoka kabla ya mwili wake. "Sauti zenu zinanifikia kama mvua ya mbali," alikuwa akiwaambia. "Nionyesheni kwa midomo." Basi wakajifunza kusema Kiingereza kwa mashavu na kidevu. Mmoja akisimama kujibu, wengine wote waliketi wakiyatamka maneno yale yale bila sauti, ili mzee atazame huku na huku ahakikishe. Mgeni angeingia pale angedhani ni samaki wametolewa majini. Lakini walielewa, wakafanya mitihani, na Fundi akaendelea mpaka chuo cha ualimu, akiwa na mvi mbili tatu alizozificha chini ya mtandio.

Sasa alikuwa amepewa darasa la saba B alifundishe sarufi ya Kiingereza. Alipewa kwa majaribio. Mwalimu wa awali alikuwa amehamishwa, na Mkuu wa shule, mama mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, alimwambia bila kuzunguka: "Mkaguzi atakuja mwisho wa muhula. Darasa likisimama, ni lako. Lisiposimama, nitakupeleka chumba cha ushonaji ukafundishe kazi za mikono. Usichukie, mama. Ni kazi ya heshima."

Ilikuwa ya heshima kweli, naye hakuidharau. Lakini alikumbuka miaka ile alipokuwa akimwita mtoto wa jirani aje amsomee karatasi ya dawa, mtoto akisoma haraka haraka ili arudi kucheza, yeye akibaki ameshika chupa bila kujua kama ni kijiko kimoja au viwili. Alitaka kuwapa watoto hawa mapema kitu kilichomfikia yeye kimechelewa. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea pale mlangoni kila asubuhi.

Na Mungu alionekana kusikia, maana la saba B walikuwa wanajibu ajabu.

"Kitenzi na mtenda wake ni kama kifungo na tundu," aliwaambia. "Tundu likiwa dogo, kifungo kinakwama. Likiwa kubwa, kinachomoka mbele za watu, aibu yako. Sasa nipeni. She..."

"She goes!" darasa likaitikia.

"They..."

"They go!"

"Jana..."

"They went!"

Mkuu akipita dirishani alisimama. Siku moja alimngojea nje. "Fundi, hawa watoto unawalisha nini?"

"Ni Mungu tu, Mkuu."

"Mungu yuko na la saba A pia, mbona hawajibu hivyo?"

Fundi alicheka akajifunika mdomo. Moyoni alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza vazi la harusi na bibi harusi akalivaa bila kubana popote.

Ndipo jino likamwamkia.

Aliamka asubuhi shavu limejaa, jicho la upande ule limekuwa dogo. Mume wake, aliyekuwa amerudi kutoka zamu ya alfajiri na unga bado kwenye nyusi, alimtazama kwa makini ya kitaaluma.

"Mke wangu, umeumuka."

"Usinichekeshe, nakuomba. Kunauma."

"Hamira ya leo ni kali. Nenda kwa daktari."

"Nitakwenda mchana. Asubuhi nina la saba B."

Alijifunga mtandio kuanzia kidevuni hadi chini ya macho, akaenda. Aliomba mlangoni kama kawaida, akaingia, akaketi kwenye kiti nyuma ya meza kwa sababu kusimama kulifanya jino limpige kama nyundo.

"Pole, Mwalimu," darasa likasema kwa huruma ya kweli.

"Asanteni, wanangu. Tuendelee. She..."

Kimya.

Alidhani hawakusikia kwa sababu ya kitambaa. Akarudia kwa sauti. Watoto wakatazamana. Msichana wa mstari wa mbele, ambaye kwa wingi wa maneno yake wenzake walimwita Kasuku, alikunja shingo kama anayechungulia chini ya pazia.

"She... go?" alijaribu.

"She going," mwingine akasema.

"She gone!" wa nyuma kabisa akapiga kelele, kwa matumaini.

Fundi alishuka hadi somo la wiki iliyopita. Wakakosa. Akashuka hadi la mwezi uliopita, na lile nalo lilikuwa limeyeyuka. Akarudi mpaka la siku ya kwanza, lile ambalo hata mama muuza mboga alilijua akiwa amesinzia, wakababaika nalo kama watu wanaopapasa swichi kwenye nyumba ya wageni.

"Wanangu," alisema ndani ya mtandio, "kuna nini leo? Mmelogwa?"

"Hatuoni, Mwalimu," Kasuku akasema.

"Hamwoni nini? Ubao huo hapo."

"Si ubao. Mdomo."

Mtu wa nyuma akamzomea, "We Kasuku, funga bakuli lako!" Lakini Kasuku akishaanza hakuwa na breki.

"Mwalimu, wewe huwa unajibu kwanza. Bila sauti. Mdomo wako unasema 'goes' halafu sisi tunasema 'goes'. Mstari wa mbele tunasoma mdomo. Wa kati wanasoma mikono, maana ikiwa ni jana unatupa mkono nyuma ya bega, hivi. Wa nyuma hawaoni vizuri, kwa hiyo kuna Viatu."

"Viatu gani?"

Mvulana mmoja mpole wa dawati la dirishani akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mbao. Fundi alikuwa akisikia wenzake wakimwita Viatu, akadhani ni kwa sababu vyake vilikuwa vikubwa.

"Yeye anasoma miguu," Kasuku akaeleza. "Jibu likienda sawa, mguu wako wa kulia unapiga pedali. Kama cherehani. Likiharibika, unasimama. Anawaambia wenzake kwa kukohoa. Leo umeketi nyuma ya meza, na mdomo umeufunga."

Fundi alitazama mguu wake chini ya meza. Ulikuwa umesimama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo mwanzo," Kasuku akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Tukikosea, uso wako unakuwa kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja vibaya. Hatukupenda uhuzunike, Mwalimu."

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka mpaka alipowaruhusu kwa mkono, na hata mkono ule waliutazama kwa makini kupita kiasi.

*

Mchana daktari aling'oa jino. Fundi alirudi nyumbani na pamba mdomoni, akamsimulia mume wake habari yote kwa maneno ya pembeni pembeni. Mume alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga.

"Wengine wanafundisha watoto wasiowatazama hata usoni. Wewe wako wamekusoma mpaka vidole vya miguu! Wanakupenda hao."

"Kupendwa hakufanyi mtihani," Fundi akasema, na machozi yakamlengalenga. "Nimewafundisha mimi, sikuwafundisha Kiingereza. Siku nisipokuwepo watakuwa kama mimi na ile chupa ya dawa."

Mume aliacha kucheka. Alijipangusa unga mapajani, akafikiri kidogo.

"Sisi tukishafunga mlango wa tanuri hatufungui kuchungulia. Kijana mgeni kazini anachungulia, anapenda kuuona mkate. Basi mkate unashuka katikati kama godoro la zamani."

"Kwa hiyo niwafungie watoto tanurini?"

"Mimi nimesema habari za mkate tu, Mheshimiwa. Usinitie matatani na serikali."

Jioni ile alipiga magoti kando ya cherehani yake ya zamani, mahali alipozoea kusali tangu siku za ushonaji. Kwa kawaida aliwaombea wanafunzi mmoja mmoja, dawati kwa dawati. Safari hii alisema, "Bwana, nimekuwa nikikuomba uwape majibu. Kumbe mwenyewe nilikuwa nawapa kabla hujafika. Nipe uso wa kusubiri. Uso kama wako, unaotuangalia tukikosea na hautukimbii." Akakaa pale mpaka magoti yakamkumbusha umri wake.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Mkuu, akamweleza ukweli wote. Hakujua namna nyingine ya kuishi.

Mkuu alisikiliza, funguo zikinyamaza kiunoni. Fundi alipomaliza, Mkuu aliinuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mume wangu tu."

"Basi nisikilize, mama. Mkaguzi anakuja wiki ijayo, barua imeshafika. Jino umeng'oa, mtandio umefungua. Simama mbele, fungua mdomo wako kama zamani, watoto wajibu, mkaguzi aandike, aende zake. Akishapita fanya mageuzi yako unavyotaka. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Maneno yale yalikuwa na utamu. Fundi aliyaonja yote. Alikiona chumba cha ushonaji na dirisha lake moja, akaliona na darasa la saba B, dawati kwa dawati.

"Mkuu," akasema taratibu, "mbachao wangu una tundu. Nikimkalisha mkaguzi juu yake, mimi nitajua kaketi kwenye tundu."

"Utalipoteza darasa."

"Huenda. Nitakuwa nimelipoteza wakijua wanachokijua."

Mkuu akatikisa kichwa. "Watu wa maombi mna kazi," akasema, lakini mlango alimfungulia mwenyewe.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za vituko. Kwanza Fundi aliwapa mgongo, akauliza maswali akiutazama ubao. Akasikia jibu sahihi, akafurahi, akageuka. Kasuku akakiri palepale, maana siri kwake ilikuwa kama maji kwenye chekeche: "Mabega, Mwalimu. Yanashuka tukipatia."

Akahamia nyuma ya darasa. Shingo zote zikageuka kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa. Akajifunga mtandio tena usoni. Wakaanza kusoma nyusi.

"Ninyi watoto," alisema, akicheka bila kutaka, "mngekisoma Kiingereza nusu ya mnavyonisoma mimi, mngekuwa mabalozi."

"Kiingereza hakina nyusi," mtu akajibu, na darasa likaangua kicheko.

Ndipo akaelewa kwamba kujificha hakutoshi. Wale walikuwa wakimtazama kwa sababu waliogopa ile huzuni. Siku iliyofuata alikuja na gauni lake mwenyewe la sikukuu, lile zuri kuliko yote, akaligeuza ndani nje mbele yao, akapitisha dawati kwa dawati.

"Angalieni mishono. Mnaona vitundu hivi visivyo na uzi?"

Wakaona.

"Hapo nilishona vibaya, nikafumua. Na hapa nikafumua tena. Hapa begani nililifumua mpaka nikalia, na leo ndipo panapokaa vizuri kuliko pote. Hakuna nguo nzuri mliyowahi kuiona ambayo haikufumuliwa. Kufumua ni nusu ya ushonaji. Sasa basi, kuanzia leo, mtu akikosea asinitazame mimi. Mwenzake amwambie 'fumua', naye afumue, ashone upya. Mimi kazi yangu ni kushika taa."

Neno lile liliwaingia kama wimbo. Kabla ya saa ya mapumziko walikuwa wakifumuana kila mahali. Mtu akimwaga maji, "Fumua!" Mpira ukienda nje, "Fumua!" Darasani walikosea kwa furaha ambayo Fundi hakuwahi kuiona, na majibu yao yalikuwa mabaya kuliko wakati wowote, lakini yalikuwa yao. Mmoja akisema vibaya, watatu wakimrukia, mmoja wa hao watatu naye akiwa amekosea, wa nne akiwatengeneza wote. Viatu peke yake hakusema. Alikuwa amezoea kukohoa.

Fundi aliomba kila asubuhi pale mlangoni, na kila asubuhi alikaribia kuyatamka majibu. Midomo iliyofunzwa na mzee asiyesikia haikuwa rahisi kuachishwa kazi. Aliibana kwa meno.

*

Mkaguzi alifika akiwa na miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso na kuisahau hapo. Aliketi dawati la nyuma, magoti yakagoma kuingia. Mkuu alisimama kando ya mlango, mkono juu ya funguo.

Fundi alikuwa amekusudia kusimama nyuma, lakini mkaguzi alimwashiria mbele. "Pale pale, Mwalimu, kama siku zote. Mfanye kama sipo."

Basi akasimama mbele, uso wazi, miguu wazi, hana meza wala mtandio wa kumkinga. Alifundisha kidogo. Mkaguzi akanyoosha kidole.

"Ningependa kuwauliza mwenyewe. Kila mmoja anieleze kwa Kiingereza kuhusu mtu mmoja, na anachofanya kila siku. Wewe binti wa mbele."

Kasuku alisimama. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile, Kasuku alikosa maneno. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mwalimu. Na ya wengine yote yakafuata, kama zamani.

Fundi aliyaona macho yale. Alijua kuwa mkaguzi yuko mbali, tena miwani iko kwenye paji. Mtikisiko mdogo wa midomo tu, usioonekana hata na aliye mlangoni, na darasa lingekuwa lake. Alimpenda kila mtoto mle ndani, na mapenzi yale yale yalimsukuma afungue mdomo.

Alifumba macho, akainamisha kichwa, akabana midomo kwa vidole.

"My mother," Kasuku alianza, Fundi akimsikia katika giza la macho yake yaliyofumbwa, "my mother work in a shop."

Fundi alisikia saa ya ukutani. *Nipe uso wa kusubiri,* aliomba. *Bwana, nipe basi hata mdomo wa kusubiri.*

"Fumua," sauti ndogo ikasema kutoka dirishani.

"Nifumue wapi?" Kasuku akauliza kwa hasira.

"Mama yako ni mmoja."

"Najua ni mmoja! Unataka niwe nao wangapi?"

Darasa likacheka, mtu mwingine akaingilia, wa tatu akampinga, na Kasuku akapiga kofi dawati. "Works! My mother works in a shop. Haya, nimeshona, tulieni."

"Na wewe kijana uliyesema 'fumua'," mkaguzi akasema. "Simama. Mimi sijui maana yake, lakini sasa ni zamu yako kufumuliwa."

Viatu alisimama. Fundi alimtambua kwa mlio wa vile viatu.

"My teacher," Viatu akasema, "close her eyes."

"Fumu..." wenzake wakaanza.

"Ngojeni! Msinishonee." Akavuta pumzi. "My teacher closes her eyes. She is... she don't... ngoja. She does not sleep. She prays. She prays for we."

"Fumua!" Kasuku akalipuka.

"Wapi?"

"Hapo mwisho. Haikai."

"Inakaa! 'We' ni sisi!"

"Ni sisi, lakini si sisi hao!"

Darasa likagawanyika mapande mawili. Watoto waliinuka, wakageukiana, wakanyoosheana vidole, wakatoa mifano iliyonyooka na iliyopinda. Kwa kelele zile Fundi akafungua macho, akijiandaa kukutana na ya kwao yote.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu apewe darasa lile, hakuna hata jicho moja lililokuwa juu yake. Alijisikia kama mama aliyeachia baiskeli ya mtoto anayejifunza na kuona haiangukii upande wowote. Kengele ikalia, na la saba B wakaendelea kubishana.

*

Ofisini, mkaguzi aliitafuta miwani yake mfukoni mpaka Mkuu akamwonyesha ilipo.

"Mwalimu, kwanza nieleze. Ulikuwa unasinzia?"

"Hapana, bwana. Nilikuwa naomba."

"Uliomba wajibu vizuri."

"Niliomba nisiwajibie."

Mkaguzi alimgeukia Mkuu, na Mkuu akatazama dari. Fundi akaeleza tena habari yote, mzee wa jioni, midomo, pedali. Mkaguzi alisikiliza akiuma kalamu.

"La saba A wamejibu vizuri kuliko wako," akasema mwisho.

"Najua, bwana."

"Wako wanakosea sana."

"Najua pia."

"Lakini kengele ilipolia, A walitoka. Wako mpaka sasa nawasikia." Na kweli, kutoka upande wa pili wa ua, sauti ya Kasuku ilikuwa ikitetea neno moja kama wakili. Mkaguzi akaandika kitu kifupi. "Mkuu, huyu mwachie darasa lake. Ila, Mwalimu, siku nyingine uombe jicho moja likiwa wazi. Ulinitia wasiwasi."

Mkuu alimsindikiza Fundi hadi ukumbini. Hakusema habari ya mbachao wala msala. Alitoa ufunguo mmoja katika rundo lake, wa kabati la vitabu vya darasa la saba B, akamtia kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa mikono yote miwili.

Darasani walikuwa wamekwisha kutoka, isipokuwa Viatu. Alikuwa mlangoni ameshika mfuko wa shati uliochanika kwenye ule ubishi.

"Nani amekuchana?"

"Sarufi, Mwalimu."

Fundi akacheka, akamketisha, akatoa sindano. Alitunga uzi, akaanza kushona mfuko shati likiwa mwilini, kama alivyowashonea wengi.

"Mwalimu," mvulana akasema baada ya muda, "ulifumba macho, ukashika na mdomo."

"Ndiyo."

"Lakini mguu ulikuwa unashona."

Sindano ikasimama. "Mguu?"

"Tangu Kasuku aliposimama. Niliuona umeanza, nikageukia dirishani. Niliangalia ukuta wa nje tu, nisije nikausoma mguu, mpaka nikamaliza."

Fundi alimwekea mtoto mkono kichwani, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akarudi kwenye mfuko.

"Haya, mwanangu," akasema. "Niambie Kiingereza cha hiki ninachofanya."

Viatu alifikiri. Chini, mguu wa kulia wa mwalimu ulianza kupiga pedali yake pole pole, na mvulana akainua macho akautazama ukuta.